Msichana wa Pili

Kuna mlio ambao hadi leo ukinifikia ghafla hunirudisha nikiwa na miaka tisa. Ni mlio wa utepe wa gundi ukivutwa kwa nguvu ili kufunga katoni. Ukipita Al Baraha, hapa Dubai, alasiri, kwenye zile hoteli ndogo wanamofikia wafanyabiashara kutoka Afrika, utausikia ukitoka nyuma ya milango, chumba hadi chumba, kama mtu anayechana shuka. Wengine wakiusikia hufikiria biashara. Mimi nanusa plastiki ya viatu vipya, nasikia akina mama wa Butembo wakicheka, na namwona mama yangu amepiga magoti juu ya katoni iliyoshiba kupita kiasi, akiikandamiza kwa mwili wake wote huku mwenzake akiizungushia utepe.

Mama yangu ni Mnande. Huenda hamjapata kuwasikia Wanande, wala siwalaumu, kwa maana mimi mwenyewe ni nusu Mnande na nilifika umri huo bila kujua lolote la maana juu yao. Ni watu wa milimani, mashariki ya Kongo, upande wa Butembo na Lubero. Mama alisema kwao asubuhi unaiona pumzi yako ikitoka mdomoni, na vitunguu vya majani na viazi vinaota kana kwamba havikuombwa. Nilipokuwa mdogo sikuweza kuipata picha hiyo akilini. Baridi niliyoijua mimi ilitoka kwenye kiyoyozi.

Wanande ni wafanyabiashara hodari, na Dubai wanaijua kama nyumbani. Mama aliajiriwa kwenye duka moja la jumla huko Deira, la vitenge na viatu, kwa sababu alijua Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu cha kuuzia. Mwenye duka, arbab wake, alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe mengi yalikuwa yalla, yaani haya, haraka. Basi la shule lilinishusha mlangoni kwake, nami nilifanyia kazi zangu za nyumbani juu ya marobota ya vitenge. Duka likifungwa, tuliongozana na wateja hadi hotelini kuwasaidia kufunga mizigo.

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikuweza kulieleza. Wale akina mama walimsemesha mama kwa Kinande, na yeye aliwajibu kwa Kiswahili. Kila mara. Walimtania, wakamvuta, wakamwuliza kama kinywa chake kimevunjika. Yeye alitabasamu na kujibu kwa Kiswahili, tena kile Kiswahili safi alichojifunza kwa baba, hadi wale wanawake wakarudi nyuma kidogo kama watu waliobisha hodi nyumba isiyo yao.

Mimi niliokota nilichoweza. Nilijifunza kwamba wavukire ni salamu ya asubuhi na wasingya ni asante. Siku moja mezani nilimwambia mama wasingya aliponipakulia wali. Baba alifurahi akataka nirudie. Mama aliweka mwiko chini.

"Hicho kiache huko huko hotelini," aliniambia. "Utachanganyikiwa shuleni."

Nilikuwa tayari nachanganya Kiingereza, Kiswahili, Kiarabu cha darasani na Kihindi cha majirani, wala hakuna aliyelalamika. Lakini mtoto hazihoji sana sababu za mama yake. Nilikiacha.

Baba alikuwa Mtaita wa Wundanyi, msimamizi wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Tuliishi International City, chumba kimoja ndani ya fleti tuliyoshiriki na familia nyingine, jikoni kwa zamu. Upepo ukigeuka tulipata harufu ya mtambo wa maji taka, na baba alikuwa akifungua dirisha, anavuta pumzi ndefu, na kutangaza kwamba leo jirani wamepika vizuri. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliweza kukuchekesha ukiwa na homa. Jioni akirudi alisimama mlangoni kabla hata hajavua viatu na kuuliza kwa sauti ya askari wa lango: "Kifungua mimba wangu yuko wapi?"

Nilijificha nyuma ya pazia, na yeye alinitafuta kila mahali pasipo na pazia. Nililipenda neno hilo kuliko jina langu. Kufungua mimba ya mama, kuwa wa kwanza kupita mlango, kwangu ilikuwa kazi kubwa niliyoifanya kabla hata ya kuzaliwa. Kama mama alikuwa akiinama kila baba aliposema hivyo, akitafuta kitu chini ya meza au kwenye sufuria, mimi sikuwa na sababu ya kuliona. Nimeliona baadaye, nikirudi nyuma.

Jina langu ni Kavira. Baba alilikubali kwa sababu lilikuwa zuri mdomoni. Alipouliza maana yake, mama alimjibu kwamba ni la ukoo wao, basi. Baba naye akaongeza Wakesho, la Kitaita, na mambo yakaisha hivyo.

Mwaka huo alikuja mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Mama Kahindo. Alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, mnene, mwenye sauti ya kutoka kifuani, na hakuwa amewahi kufanya biashara na duka letu. Alipenda jinsi mama alivyokuwa akimtetea kwenye bei. Baba aliposikia kwamba kuna mgeni wa kwao na mama, tena mama wa umri wa mama mkwe wake asiyewahi kumwona, alisema lazima aje kula Ijumaa. Mama alitoa visingizio vyote alivyokuwa navyo. Jikoni si zamu yetu. Mgeni ana mizigo. Nyumba ndogo. Baba alibadilishana zamu ya jikoni na jirani, akaenda mwenyewe kumchukua kwa teksi.

Mama alipika maharagwe na ndizi, akakaanga vitunguu vya majani alivyovipata kwa shida sokoni. Fleti nzima ilinukia, na mgeni alipoingia alisimama katikati ya chumba akafumba macho. Akasema kitu kwa Kinande. Mama alimjibu karibu, mama, keti hapa.

Tulikula vizuri. Baba alikuwa katika ubora wake, akisimulia mambo ya ghalani, na Mama Kahindo akicheka hadi kitambaa cha kichwa kikalegea. Baba ndiye aliyelianzisha, kwa nia njema kabisa. Alimwuliza mgeni kwa nini kila Mnande anayekutana naye ghalani anaitwa ama Kambale ama Kasereka. Je, wamekosa majina?

Mama Kahindo alipangusa vidole. Aliuliza, "Kumbe bibi yako hakukufundisha?" Kwa Kiswahili cha kwao, bibi ni mke.

Akaanza kutufundisha. Alisema Mnande hatafutiwi jina, jina linamngoja. Wavulana wana mstari wao na wasichana wana mstari wao. Kila mtoto akitoka tumboni mwa mama yake anakuta nafasi yake imeshatandikwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Yeye mwenyewe ni Kahindo kwa sababu alizaliwa baada ya mfululizo wa wavulana, akaugeuza mstari. Mama yangu, Kyakimwa, ni msichana wa sita.

Baba aligonga meza kwa furaha. Ni kweli, alisema, kwao wako wasichana sita, mama ndiye kitinda mimba. "Kwa hiyo nikilisikia jina tu, nimeshajua mtu ni wa ngapi?"

"Unajua," alisema Mama Kahindo. "Hata mtoto akifa siku ileile, nafasi yake iko. Mwenye anamfuata hawezi kuiingia. Jina haliruki mtu."

"Na wasichana wanaanzaje?"

"Wa kwanza ni Masika. Halafu Kavira. Halafu Kavugho."

Alikuwa akihesabu kwa vidole, kama mwalimu wa chekechea, na baba alikuwa akimfuatisha kwa vidole vyake. Alishika kidole cha kwanza, Masika. Akashika cha pili. Kisha akanitazama, angali anatabasamu, na nikaliona lile tabasamu likikaa usoni mwake bila mwenyewe.

"Lakini huyu ni kifungua mimba," alisema.

Mama Kahindo alimtazama mama, akanitazama mimi, na mkono wake ukashuka polepole hadi mapajani. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Aliona alichokuwa amekivunja, na akatafuta haraka namna ya kukifunika. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole wa msibani:

"Masika alikufa? Poleni sana. Mungu ndiye anajua."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Yule mama alimfungulia mama yangu mlango. Ilitosha aitikie kwa kichwa. Baba angeshtuka, angeumia kwa nini hakuambiwa, kisha angemkumbatia, kwa kuwa nani anamkasirikia mwanamke aliyefiwa? Tungeendelea kula. Niliuona mdomo wa mama ukifunguka, na nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuuona mshipa wa shingo yake ukipiga.

"Hajafa," alisema mama. "Yuko Butembo kwa mama yangu. Ana miaka kumi na minne."

Baba alinawa mikono. Namkumbuka alivyonawa, kidole kimoja kimoja, kwa sabuni, muda mrefu, kama mtu aliyeshika mafuta ya gari. Alimshukuru mgeni kwa kuja. Akamsindikiza chini kumtafutia teksi, akambebea mfuko. Mlangoni Mama Kahindo alimshika mama mabega. Tangu afahamiane naye alikuwa akimwita Mama Kavira. Sasa alisema, "Mama Masika, tutaonana," na mama akafunika uso kwa upande wa kanga.

Baba aliporudi niliambiwa nikacheze korido. Korido za majengo yale zinapitisha sauti kuliko simu. Nilikaa na mgongo ukutani, kwenye vigae vya baridi, nikasikia yote.

Masika alizaliwa kabla mama hajaja Dubai. Baba yake mtoto alikwenda kutafuta dhahabu, na hakurudi. Mama alimwacha kwa mama yake, bibi yetu, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa ahadi kwamba atamwita mwaka ukiisha. Kisha akakutana na baba.

"Ungeniambia," baba alisema. Hakupaza sauti. Laiti angeipaza.

"Nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimeshajipanga niseme siku ile tuliyokuwa tunangoja basi Rashidiya. Akapita rafiki yako na yule mwanamke aliyemwoa akiwa na mtoto wake tayari. Unakumbuka ulisema nini?"

Baba hakukumbuka.

"Ulisema wewe huwezi kununua gari ambalo mtu mwingine amekwisha kuliendesha."

Nilisikia friji ya jirani ikianza kunguruma.

"Ulikuwa mzaha," alisema baba. "Mzaha wa kijana mjinga."

"Najua sasa. Lakini siku ile nilikuwa na mtoto. Sikuwa na mahali pa kuuweka mzaha."

Baba alimwuliza swali la mwisho, na nilikuja kujua kuwa ndilo lililomuuma zaidi. Kama alitaka kuficha, kwa nini alimpa mtoto jina linalosema? Kwa nini hakuniita Masika, mambo yakaisha? Hakuna Mtaita ambaye angejua.

Mama alijibu kwamba kwao mama yake aliamini, na yeye ameshindwa kutoamini, kwamba kumpa mdogo jina la mkubwa ni kumzika mkubwa yungali hai. Nyamuhanga, ndiye Mungu wa Wanande, akihesabu watoto atamkuta Masika mmoja tu, na hatauliza ni yupi wa kumbakiza. "Nilimwacha," alisema. "Sikuweza tena na kumzika."

Jioni ya siku iliyofuata baba alirudi kazini, akavua viatu, akamwuliza mama kama nimekula. Hakuuliza kifungua mimba wake yuko wapi. Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pazia. Nilikaa pale hadi mama akaja kunitoa.

Neno lile halikurudi tena nyumbani kwetu. Baba hakuwa ananiadhibu, alikuwa tu mtu asiyeweza kusema asichokiamini. Lakini mimi nilihisi nimeibiwa, na mwizi nilimjua. Nilimchukia Masika kwa bidii. Nilimpa sura mbaya. Nilimpa meno makubwa. Nilipokuwa peke yangu nilijaribu kulitamka jina lake kwa namna ya kulitema.

Wiki zilipita nyumba ikiwa na adabu nyingi. Asante, tafadhali, samahani, maneno ambayo watu wanaopendana hawayahitaji sana. Kisha baba akatangaza kwamba mtoto aje. Aliongea kama anayetoa amri ghalani. Alisema hataki kusikia habari ya fleti ndogo, atalala na Kavira, vitanda vya ngazi viko kwenye maduka ya Dragon Mart. Yeye atashughulikia karatasi. Nadhani alitaka kumwonyesha mama, na kujionyesha mwenyewe, kwamba yule kijana wa kituo cha basi hakuwa yeye. Kitanda kilikuja. Nilipewa cha chini, kwa kuwa mkubwa ndiye anayelala juu. Hilo pia nililihesabu dhidi yake.

Mama Kahindo alikuwa amerudi Butembo na salamu zetu. Siku iliyopangwa alikwenda na simu yake hadi kwa bibi, na baba akanunua kadi ya kupigia. Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula. Mama alikaa kitandani, akashika simu kwa mikono miwili.

Nami nikamsikia mama yangu akizungumza Kinande.

Sijui nilitarajia nini. Kilitoka haraka, chepesi, kwa sauti iliyo juu kuliko ile niliyoijua, kama ya msichana anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mikono yake ikaanza kusema pamoja naye. Hata uso ulibadilika. Baba alikuwa amesimama dirishani na akageuka kumtazama, na nikaona kwamba na yeye hakuwahi kumwona mwanamke huyu. Tuliishi naye miaka yote, na alikuwa amejifunga ndani ya katoni.

Kisha sauti ikapungua. Ikawa anasema neno moja, anasikiliza muda mrefu, anasema jingine. Akaanza kulia bila kuondoa simu sikioni. Mwishowe akaninyooshea. "Anataka wewe," alisema.

Sauti ya Masika ilikuwa nzito kidogo, na haikuwa na meno makubwa.

"Ni we Kavira?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Hata shuleni banakuita vile?"

Nikasema ndiyo, hata shuleni, Kavira Wakesho.

Nilisikia kuku, na mtu anakohoa nyuma yake.

"Ni muzuri," alisema. "Ambia mama, mi sitakuja. Mukaka haoni tena vizuri, mi ndiye macho yake. Ambia vile tu, usiongeze."

Mukaka ni bibi. Simu ikakatika. Nilimwambia mama vile tu, sikuongeza. Nakumbuka furaha iliyonipanda, na nilivyoibana isionekane. Nilikuwa nimebaki na baba yangu, na kona yangu ya chumba, na sasa hata kitanda cha juu.

Baba hakukubali. Alisema mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kumkataa mama kwa simu, lazima amwone uso. "Nenda kamchukue mwenyewe," alimwambia mama. "Kaa wiki mbili, mzoeane, mzungumze na bibi, mrudi wote. Tiketi ni juu yangu." Mama alisema atamwomba arbab ruhusa na pasipoti yake, kwa kuwa siku zile pasipoti zilikaa ndani ya sanduku la chuma la duka. Siku iliyofuata alirudi na jibu. Arbab amekataa. Msimu wa wateja umeanza. Baba alitaka kwenda kuzungumza naye mwanaume kwa mwanaume, mama akamsihi asiende, atafukuzwa kazi. Msimu ulipoisha arbab alikataa tena. Khalas, basi tena, mama alisema.

Hatukuongea tena habari ya safari. Juu ya kitanda kile tuliweka masanduku. Bibi alikufa miaka miwili baadaye, na barabara ya kwenda Butembo ikawa na watu wenye bunduki, na Masika akaolewa akiwa mdogo. Baba hakumwacha mama, hata kidogo. Alilipa karo, alipokea simu, alikwenda kanisani naye. Lakini hakumwita tena Mama Kavira, wala hakujua amwite nani, kwa hiyo hakumwita kabisa. Aliingia chumbani na kuanza kusema, na sisi tulijua ni nani anayesemeshwa kwa jinsi sauti ilivyo. Mkataba wake ulipokwisha alirudi Wundanyi. Mama alisema atamfuata. Kila akiulizwa ni lini, ana jibu jipya.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina kazi, na mama anaishi nami Al Baraha, mtaa ule ule wa hoteli. Mwaka jana nilimtafuta Masika. Haikuwa kazi ngumu, Wanande wanajuana. Tunatumiana ujumbe wa sauti. Ana watoto wanne na anauza vitenge, vya China, anasema, ndivyo wateja wake wanavyovitaka. Ni mcheshi. Hanidai chochote, na hilo hunitisha kidogo.

Hivi karibuni tulikuwa jikoni, mama na mimi, na nikamlaumu yule arbab. Nilisema laiti asingekuwa na roho ya chuma. Sijui nilitaka nini, labda kumpa mama mtu wa kumchukia pamoja nami. Mama aliendelea kuosha mchele. Akamwaga maji, akaweka mengine.

"Sikumwomba," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Pasipoti. Sikumwomba hata mara moja."

"Kwa nini, mama?"

"Niliogopa angenipa."

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Masika aliikataa Dubai, kwamba alikuwa na kiburi, au mapenzi makubwa kwa bibi, au vyote. Nilimweleza rafiki yangu hivyo hivyo, dada yangu wa Kongo hakutaka kuja. Juzi nilimwuliza mwenyewe, nikizungukazunguka kwanza na habari za watoto. Kama mama angekuja mwenyewe siku zile, akasimama mlangoni kwa bibi, ungefanyaje? Jibu lilikuja baada ya siku nzima. Nililisikiliza nikiwa nimeweka visikizi masikioni, kwa sababu mama alikuwa karibu.

"Ningetoka na nguo nilizovaa," alisema Masika. "Na mukaka ningembeba mgongoni. Lakini watu wanaagiza kitenge, Kavira, hawaagizi mtoto."

Sijamwambia mama maneno hayo. Sioni ni nani atakayenufaika nayo. Wala simwambii Masika habari ya pasipoti, kwa maana yeye amejijengea mama aliyezuiliwa na tajiri, na naona ndiye mama anayeweza kuishi naye. Nimekuwa mtu wa katikati, najua ya huku na ya kule, na kila upande napeleka kidogo tu. Nilipokuwa na miaka tisa nilidhani kilichofichwa nyumbani kwetu ni mtoto. Mtoto alijulikana kwa mlo mmoja. Kilichofichwa kilikuwa woga wa mtu mzima, nao umeendelea kukaa nasi hadi leo.

Mama hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua maharagwe au anatazama barabara. Nikivua visikizi huniuliza bila kugeuka, "Amesema nini?"

"Anakusalimu," humwambia.

Huitikia kwa kichwa na kuendelea na alichokuwa akifanya. Masika hajawahi kutuma salamu. Nadhani mama anajua, kwa maana hajawahi hata siku moja kuniambia nimrudishie.